Hitaji la Maombi, na Picha Juu Yake

Jumapili, Julai. Mbalizi.

Baridi ya leo haina adabu. Ukungu umekaa mpaka saa nne, kisha yakaja manyunyu ya kuudhi, yale yasiyolowanisha shamba wala kukuacha ukauka. Kanisani sikwenda. Nimeamka na dharau, na mtu mwenye dharau kiasi hiki akiingia kanisani anaweza kumjibu mwinjilisti katikati ya mahubiri.

Niseme mapema namdharau nani, ili asiyependa aende zake. Nawadharau watu wazima. Nawadharau hasa watu wazima wenye simu, ambao wiki hii wamekuwa wakinieleza jinsi simu zinavyoharibu watoto.

Nianze na mtoto mwenyewe.

Tunu ni binti wa dada yangu wa Iringa. Tunu si jina lake. Amelichagua mwenyewe leo nilipomwomba ruhusa ya kuandika, na amesema atasoma kila kitu kabla sijabandika. Ana miaka kumi na mitano, yuko kidato cha pili, anaimba sauti ya pili kwenye kwaya ya vijana, na mwaka huu anatarajia kupata kipaimara. Yuko kwangu tangu likizo ianze. Kwenye ukoo inasemekana amekuja kubadilisha hali ya hewa. Ametoka baridi ya Iringa kuja baridi ya Mbalizi, na hakuna hata mmoja aliyeona hiyo sentensi ina kasoro.

Ukweli ni kwamba Tunu alikuwa akijiumiza. Mwenyewe, kwa kukusudia, kwa miezi, chini ya sweta la shule ambalo huku kwetu hakuna anayekuuliza kwa nini hulivui.

Sitaandika alivyofanya. Kama wewe ni mtu mzima mwenye kiu ya mambo, mlango uko pale pale ulipoingilia. Kama ni mtoto na umefika hapa ukitafuta hicho, hapa hakipo. Lakini usiondoke, kaa tu, tuko pamoja.

Dada aligundua asubuhi moja, mtoto akiwa amelala, mkono umetoka nje ya shuka. Akanipigia simu huku akilia, nikapanda basi, nikamfuata mtoto siku iliyofuata. Jambo moja hakuniambia. Hakuniambia kwamba kabla ya kulia na kabla ya kunipigia, alisimama pembeni ya kitanda akaupiga ule mkono picha.

Hiyo picha ilikaa kwenye simu yake muda wote ambao mimi na Tunu tulikuwa tunahangaika huku. Tulikwenda hospitali, Mbeya mjini, kwa mshauri wa afya ya akili, msichana mdogo ambaye nilimtazama nikadhani ndiye mgonjwa aliyetutangulia. Mara ya kwanza Tunu alikaa kimya akichezea zipu. Mara ya pili walifunga mlango, mimi nikabaki kwenye benchi nje, na kupitia mlango nikasikia mtoto anaongea. Sikusikia maneno. Nilisikia tu sauti yake inaendelea na kuendelea, kama mtu anayetua mizigo. Nilikuwa sijaisikia sauti hiyo tangu aje. Miadi ya tatu ikapangwa kesho, Jumatatu.

Halafu ikaja Jumatano.

Jumatano dada yangu aliituma ile picha kwenye grupu la wamama wa usharika. Hitaji la maombi. "Wapendwa, naombeni mnisaidie kumbeba binti yangu, adui amemvamia kupitia mitandao." Na picha juu yake.

Kwa asiyetufahamu, kwetu hitaji halikai na mtu mmoja. Ndivyo tulivyolelewa. Una mgonjwa, una kesi, mume ameanza pombe. Alhamisi unasimama mbele ya wamama wenzako unasema, wanakuzunguka, wanaomba kwa sauti mpaka mabega yako yanalegea, mnakunywa chai mnatawanyika. Nimemwona mama yetu akienda kwenye ibada hiyo amekunja uso na kurudi anaimba. Sijawahi kuidharau, na sitaanza leo. Lakini pale palikuwa na watu wanaokutazama machoni, na aliyetaka kuyapeleka maneno yako kwingine ilibidi atembee kwa miguu yake. Picha haitembei kwa miguu ya mtu.

Mchana ilikuwa imefika kwaya. Jioni ilikuwa kwenye grupu la ukoo. Mimi nilikutana nayo sokoni, kabla hata sijafungua simu yangu.

Nauza mchele. Nina mteja wangu mmoja, mama mstaarabu kabisa, ambaye kila akija lazima aniulize kama mchele ni wa Madibira kweli au nimeuchanganya. Jumatano hakuuliza. Alinisogezea simu yake juu ya mizani.

"Ona watoto wa siku hizi wanavyoharibikiwaga," akasema. "Sijui hata ni wa nani, maskini. Tumetumiwa tumwombee."

Mkono sikuutambua. Nilitambua shuka. Nilimpelekea dada mimi mwenyewe, yenye maua ya zambarau pembeni, alipohamia nyumba mpya. Nikampimia yule mama mchele wake, nikamrudishia chenji, nikafunga kibanda.

Nilipofika nyumbani nilikuwa nimechelewa. Msichana mmoja wa kwaya alikuwa ameshamtumia Tunu picha ya mkono wake mwenyewe. "Ni wewe? Pole jamani, tunakuombea." Tunu alikuwa amekaa sakafuni, mgongo umeegemea kitanda, sweta limevutwa mpaka kwenye vidole. Nilikaa chini karibu naye, nikamuuliza waziwazi, kama mshauri alivyonifundisha, kama anataka kujiumiza. Akatikisa kichwa kukataa. Kisha akasema kitu kimoja: kesho kutwa, wiki ijayo, siku yoyote ile, hospitali haendi tena, kwa sababu na yule mshauri atakuwa anayo.

Tangu hapo hajatoka chumbani ila kwenda uani. Hali chakula cha maana. Mimi nalala kwenye godoro sakafuni, kando ya kitanda chake, na vitu ambavyo havipaswi kuwa ndani ya nyumba hii kwa sasa havimo.

Kwenye grupu la ukoo, wakati huo, watu walikuwa wana kazi. Vikono vya kuomba vilijaa skrini nzima. Mmoja akauliza, "Ni mtoto wa nani?" Akajibiwa. Mwingine, ambaye alikuwa hajasoma jibu, naye akauliza ni mtoto wa nani. Akajibiwa tena, safari hii kwa jina la shule. Mzee mmoja ambaye namheshimu kwa umri wake tu aliandika: "Naomba picha iliyo wazi zaidi ili nimwombee nikiwa na mzigo." Katikati ya hizo amina, mtu akabandika tangazo la vifaranga.

Na wote walikubaliana kwa sauti moja kwamba mitandao ndiyo inayowamaliza watoto wetu. Waliandika hivyo chini ya picha ya mtoto wetu.

Sijui nicheke au nitapike.

Mitandao yenyewe nimeiona. Wiki ile ya kwanza Tunu alinifungulia simu yake. Sikumlazimisha, nilimwambia sielewi, anielekeze, na kweli nilikuwa sielewi. Nilitegemea kukuta dubwana. Nilikuta video ya msichana anayelia na muziki wa taratibu nyuma yake. Tunu aliitazama mpaka mwisho, basi, kosa lake ndilo hilo. Simu ikaamua ndicho anachopenda. Ikamletea nyingine, na nyingine, mpaka zikawa hazimfikii video za aina nyingine. Mimi nikitazama pishi moja la maandazi, naletewa sufuria mwaka mzima, nacheka. Mtoto akitazama huzuni, analetewa huzuni kwa bidii ile ile. Aliyebuni mtambo huo namdharau sana, na kama angekuwa kwenye ukoo wetu ningemwambia.

Kutoka kwenye video akafika kwenye grupu la watoto wenzake, ambao wengi wao hawajawahi kuonana uso kwa uso. Kuna waliokuwa wakishindana nani ana hali mbaya zaidi, na anayepata nafuu anaonekana amewasaliti. Nilisoma hayo yote. Tunu mwenyewe aliniambia alikuwa akitoka humo akiwa na hali mbaya kuliko aliyoingia nayo, na bado anarudi. Lakini ni humo humo ambamo binti mmoja wa sijui wapi, anayeandika kwa vifupisho ambavyo nusu yake sivielewi, alikuwa mtu wa kwanza duniani kumwambia: tafuta mtu mzima unayemwamini, mwambie. Tunu alikuwa bado anafikiria amwambie nani, mkono ukatoka nje ya shuka.

Nilimuuliza kwa nini alikuwa anarudi, ikiwa panamuumiza. Akajibu bila kuinua uso.

"Kule, Mamdogo, hakuna aliyeniulizaga mimi ni mtoto wa nani."

Hilo nimelibeba siku zote hizi. Nilikuwa nalo kichwani leo asubuhi kaka yetu mkubwa alipoingia.

Kaka analima vitunguu Ruaha Mbuyuni na tangu baba afariki ndiye mkuu wa ukoo. Alikuja na nusu gunia la vitunguu na uso wa msibani. Tukasalimiana "Kamwene", akakaa, akaweka simu zake mbili mezani zikiangalia juu, akafungua kikao. Mume wangu, ambaye ni mtu mwenye akili, akakumbuka kuna bati linavuja akaenda kuliangalia.

Kikao kilikuwa kimeshaamua mambo njiani. Simu ya mtoto ichukuliwe leo hii, akae bila simu mpaka amalize kidato cha nne. Watumishi waje wamwombee, wafunge na kula siku kadhaa. Na kipaimara apate, ila kwa kuwa kamati ya wazazi imeshapitisha gauni la mikono mifupi kwa mabinti wote, yeye ashonewe la mikono mirefu.

"Yaani mabinti wote waingie kanisani na mikono mifupi," nikasema, "na yeye peke yake mirefu. Si bora mumwandikie kabisa mgongoni?"

"Ni kwa ajili ya kumsitiri," kaka akasema.

"Kaka, mkono huo umeshafika Makambako. Mnamsitiri na nani?"

"Sisi tulitumiana kwa nia njema. Adui hapa ni simu. Mimi nasemaga kila siku."

Simu yake moja ikalia. Akaichukua, akasoma huku midomo inacheza, akasema tusikilize hii, ni onyo kwa wazazi wote. Ikazungumza sauti ya mtu asiyejulikana, akieleza kwa kutisha habari ya makundi yanayowafundisha watoto kujidhuru, na alikuwa anaelekea kueleza jinsi. Niliinyang'anya nikaizima. Mtoto alikuwa nyuma ya ukuta wa mbao anasikia kila neno. Nilipomrudishia simu, nakwambia kweli, alibonyeza kwa kidole akaisambaza sauti ile kwanza, ndipo akaiweka mezani.

"Dada, wewe umeshaanzaga ukali wako," akasema.

Nilimweleza alichosema mshauri, taratibu, kama ninavyomweleza mteja asiyejua kupika wali. Kwamba ukimpokonya simu ghafla unamwondoa kwenye mabaya na unamwondoa pia kwa yule mmoja aliyemwambia atafute msaada. Kwamba mimi na Tunu tulishakubaliana: jioni simu inalala jikoni, zile kurasa tumeziondoa pamoja, lile grupu la kushindana ametoka kwa kidole chake mwenyewe, na yule binti wa vifupisho amebaki naye. Kwamba asihubiriwe, asitazamwe mkono wakati anaongea, asiachwe peke yake akiwa na hali mbaya. Kaka akasikiliza. Akauliza huyo mshauri ana miaka mingapi. Akala ugali, akaaga.

Nilipofunga mlango nikakaa nikaandika ujumbe kwa grupu la ukoo.

Ulikuwa mzuri, siwezi kuwaficha. Nimeandika blogu hii miaka sasa na sijawahi kuandika kitu kikali na kisafi namna ile. Kila mtu alipata sehemu yake. Mzee wa mzigo alipata aya nzima. Wa vifaranga nilimpa sentensi moja, ikamtosha. Niliusoma mara mbili nikatabasamu peke yangu, na kabla ya kutuma nikaona niupeleke kwanza kwa mwenye mkono, ajue kuna mtu mmoja ukooni aliye upande wake. Nilitegemea, kusema kweli, anikumbatie.

Tunu aliusoma wote, taratibu. Akanirudishia simu.

"Umeandika vizuri, Mamdogo," akasema. "Ila ukituma, watapanda juu kutafuta unaongelea nini. Watanifungua tena."

Nikamuuliza anataka nifanye nini.

"Mimi nataka ifutwe. Basi."

Nimekaa na hilo neno kitandani kwangu kitambo kizima. Hasira yangu ilikuwa ya haki na bado naiona ni ya haki. Lakini ilikuwa yangu. Mtoto hakuwa na haja nayo. Alichohitaji ni mtu wa kupiga simu kwa wale wale ninaowadharau, mmoja mmoja, na kuwaomba kwa upole, kwa sababu mtu ukimtukana hafuti, anahifadhi.

Basi nikafuta ujumbe wangu mtamu, nikaanza kupiga.

"Shikamoo mama. Hamjambo huko? Baridi imezidi, eeh? Naomba msaada wako kidogo." Nilisema hivyo mchana kutwa. Nimecheka pasipo na cha kuchekesha. Nimepokea mawaidha kuhusu malezi kutoka kwa watu ambao watoto wao hawawasalimii. Wengi walifuta nikiwa hewani, na baadhi walikuwa wamesahau kabisa kwamba wanayo, walikuwa wameomba kwa dole gumba wakaendelea na mambo yao. Yule mzee alisema hawezi kufuta mpaka Roho amwambie. Nikamwambia basi mimi nasubiri hapa hapa kwenye simu, baba, muulize. Nikamsikia akikohoa. Kisha akasema amefuta. Yule binti wa kwaya akalia, akasema hakujua; yeye peke yake katika wote aliomba namna ya kumwomba Tunu radhi.

Najua haijaisha. Ipo kwenye simu ambazo sizijui, za watu ambao hawatakuwa na namba yangu kamwe. Tunu naye anajua. Hana miaka mitano.

Wa mwisho nilimwacha dada.

Nilikuwa nimemtunzia yeye maneno yote niliyowanyima wengine. Nilikuwa nimesimama uani, manyunyu yananipiga, nimejiandaa. Akapokea kabla simu haijaita vizuri.

"Yuko salama?" akauliza. Hakusalimia.

Nikasema yuko salama. Nikamuuliza kwa nini alipiga ile picha. Nilitaka ajieleze ashindwe.

"Niliogopa nitajiambia nimeota," akasema. "Ningekunywa chai, ningeenda kazini, ningejiambia nimeota. Mimi najijua. Nilipiga ili nisijidanganye."

Nikafuta manyunyu usoni.

"Halafu nimebeba peke yangu siku zote hizi, mdogo wangu. Baba yake haongei. Wewe ukipiga unaniambia ratiba. Nikaona niwape wamama. Si ndivyo tunavyofanyaga?"

Ndivyo tunavyofanyaga. Nilimwambia aifute kwake pia, akafuta. Nilimwambia grupu hawezi kulifuta lakini anaweza kuwaambia wamama wale waache kuuliza, na Alhamisi aende mwenyewe kwa miguu, akae nao, aseme anaumwa yeye. Alikubali. Kisha akaomba aongee na mtoto.

Nilikwenda nikabisha. Tunu aliitazama simu mkononi mwangu kwa muda. Kisha akaipokea, na mimi nikatoka nikaenda jikoni, nikaanza kuchambua mchele ambao ulikuwa umeshachambuliwa. Hawakuongea sana. Zaidi nilisikia kilio cha mtu mmoja, halafu cha wawili, mmoja akiwa Iringa. Neno "samahani" nililisikia likitoka kwenye simu, kwa sababu dada akilia hupandisha sauti.

Sina dharau ya kutosha kwa dada yangu. Nimeitafuta jioni yote. Kwa wengine ninayo, imebaki nyingi, ataikuta anayeihitaji.

Muda mfupi uliopita Tunu amekuja jikoni. Amekuja kwa miguu yake, mara ya kwanza tangu Jumatano, akakaa kwenye kigoda akinitazama naandika haya. Ameshayasoma. Amefuta aya mbili, na nimeziacha zifutike. Mojawapo ndiyo niliyoipenda kuliko zote. Amenirudishia simu, akavuta sweta, akaangalia moto.

"Yule mshauri anayo?" akauliza.

"Hana. Nilimpigia nikamuuliza. Akasema hata angetumiwa asingefungua, anasubiri umwambie wewe."

Nikasukuma ukuni mmoja motoni. Nikajikaza nisiongeze neno.

"Kesho ni saa ngapi?"

"Saa tatu."

"Basi niamshe kumi na mbili na nusu," akasema. "Nataka kuoga kwanza."

Nimetega alamu. Mimi, ambaye huamka saa kumi na moja kila siku bila kuamshwa na mtu.